Kutoka Ukuu wa Polisi Hadi Seneti: Panfilo Lacson na Siasa za Ufilipino

Panfilo Lacson aliongoza Polisi ya Taifa ya Ufilipino kuanzia Novemba 1999 hadi Januari 2001. Miezi minne baada ya kuvua sare alichaguliwa kuwa seneta, na kufikia mwaka 2025 wapiga kura walikuwa wamempa kiti hicho mara nne. Aliomba urais mara mbili, mwaka 2004 na mwaka 2022, na mara zote mbili akaangushwa kwa tofauti kubwa. Rekodi hiyo ya mtu mmoja inafafanua swali linalozihusu nchi nyingi: ofisa wa ngazi ya juu wa polisi anapoingia katika siasa za taifa, mtaji wake ni upi, unamfikisha wapi, na kazi yake ya zamani inamfuata kwa namna gani?

Polisi iliyotoka jeshini

Jibu linaanzia kwenye asili ya polisi yenyewe. Mwaka 1901, Ufilipino ikiwa chini ya Marekani, kilianzishwa kikosi cha Philippine Constabulary kwa ajili ya kuzima waasi na kulinda amani mashambani. Vyeo, mafunzo na nidhamu yake vilikuwa vya kijeshi. Mwaka 1975 Rais Ferdinand Marcos, ambaye wakati huo alitawala kwa sheria ya kijeshi, aliwaunganisha polisi wa miji na kuwaweka chini ya kikosi hicho. Kijana aliyehitimu Chuo cha Kijeshi cha Ufilipino, kilichoko Baguio, aliweza kupangiwa kazi ya upelelezi wa mjini moja kwa moja, akiwa na mafunzo ya uanajeshi tu.

Marcos alipong'olewa Februari 1986, waandishi wa Katiba ya 1987 waliagiza kuwe na jeshi moja la polisi, la kitaifa na la kiraia. Sheria ya kuliunda ilitiwa saini Desemba 1990, na Januari 1991 Polisi ya Taifa ikaanza kazi chini ya wizara ya mambo ya ndani. Sare zilibadilika upesi, lakini watu walikuwa walewale. Katika miaka ya 1990 ngazi za juu za polisi zilishikwa na wahitimu wa Baguio waliojifunza kazi katika enzi za Marcos. Lacson ni mmoja wao.

Upelelezi, watekaji nyara na sifa mbili

Lacson alizaliwa Juni 1948 mjini Imus, mkoani Cavite, kusini mwa Manila. Alihitimu chuo cha kijeshi mwaka 1971, darasa moja na Gregorio Honasan, ambaye baadaye aliongoza majaribio ya mapinduzi na kisha akawa seneta. Alipangiwa kikosi cha upelelezi cha makao makuu ya Manila, akakitumikia mpaka utawala wa Marcos ulipoanguka.

Katika miaka hiyo alijipatia sifa mbili ambazo hazikuachana naye tena. Ya kwanza ilitokana na kumwokoa Robina Gokongwei, binti wa tajiri John Gokongwei, aliyekuwa ametekwa nyara mwaka 1981. Ilisemwa kwamba familia ilitaka kumtuza na yeye akakataa. Simulizi hiyo ya askari asiyepokea zawadi ikawa msingi wa jina lake. Ya pili ilitoka mahakamani. Watu waliokamatwa na vikosi vya usalama katika utawala huohuo walifungua kesi ya madai dhidi ya Jenerali Fabian Ver na maofisa kadhaa, Lacson akiwemo, wakisema nyumba zao zilivamiwa na wao wenyewe wakateswa. Aprili 1988 Mahakama ya Juu iliamua kwamba, hata haki ya mtuhumiwa kufikishwa mbele ya hakimu inapokuwa imesimamishwa, mwananchi hazuiwi kudai fidia kwa haki zake zilizovunjwa. Uamuzi huo unasomwa mpaka leo katika vyuo vya sheria vya Ufilipino. Kesi yenyewe iliendelea kuzungushwa mahakamani kwa miaka mingi kuhusu taratibu za kufikishiana hati.

Miaka ya 1990 ilileta uhalifu wa aina mpya. Magenge yaliteka wafanyabiashara, hasa Wafilipino wenye asili ya China, na kudai fedha za kuwakomboa. Mwaka 1992 Rais Fidel Ramos alimkabidhi makamu wake, Joseph Estrada, tume ya kupambana na uhalifu, na Lacson akapewa mojawapo ya vikosi vyake, kilichoitwa Habagat. Familia za waliotekwa zilimwona kama mkombozi. Uhusiano wake na Estrada nao ulianzia hapo, na ndio uliomfungulia mlango: Estrada alipoingia ikulu mwaka 1998 alimpa kwanza kikosi kazi cha kupambana na uhalifu wa kupangwa, kisha, Novemba 1999, ukuu wa polisi nchini.

Miezi kumi na minne ya ukuu

Alichokifanya Lacson kwenye ukuu wa polisi kilikuwa chepesi kueleweka kwa mtu wa mtaani. Alipiga marufuku kitu kidogo ambacho askari walizoea kukitoza kwa madereva wa magari ya abiria na malori ya mboga, na akawachukulia hatua waliokamatwa. Aliamuru askari wasizidi inchi 34 za kiuno, agizo lililowafurahisha wananchi waliozoea kuwaona askari wenye vitambi. Alipunguza pia fedha za matumizi zilizobaki makao makuu, akaelekeza sehemu kubwa zaidi katika vituo, ambako kukosa petroli na karatasi kulikuwa kisingizio cha kuomba chochote kwa raia.

Hatua hizi zinaonyesha mkuu wa polisi anapata wapi mtaji wa kisiasa. Takwimu za uhalifu ni vigumu kuzipima kwa macho, lakini dereva anajua siku ambayo hakusimamishwa. Mwaka 2000 ilitoka filamu iliyobeba jina lake, Ping Lacson: Super Cop, mhusika mkuu akiigizwa na nyota wa filamu za mapigano Rudy Fernandez. Katika nchi ambayo Estrada mwenyewe alitoka kwenye sinema na kufika ikulu, filamu ya aina hiyo ilikuwa na uzito wa kampeni.

Ukuu huo uliisha kwa kishindo. Oktoba 2000 gavana wa mkoa wa Ilocos Sur, Luis Singson, alimtuhumu Rais Estrada kwa kupokea fedha za kamari haramu ya jueteng. Mashtaka ya kumwondoa yalivunjika Seneti katikati ya Januari 2001, na maelfu ya watu wakamiminika katika barabara ya EDSA jijini Manila. Tarehe 19 Januari wakuu wa majeshi waliondoa utii wao kwa rais, na Lacson naye akatangaza kwamba polisi wamefanya hivyo. Kesho yake Gloria Macapagal Arroyo aliapishwa, na Lacson akatoka katika ukuu wa polisi. Mei mwaka huohuo aligombea useneta kwa upande wa Estrada, rais ambaye polisi wake walikuwa wamemtupa mkono, na akashinda.

Mfumo unaopenda majina

Ushindi huo hauelezeki bila kuutazama mfumo wa uchaguzi. Seneti ya Ufilipino ina wajumbe 24, na wote huchaguliwa na nchi nzima. Kila baada ya miaka mitatu, viti 12 hugombewa na kila mpiga kura anaruhusiwa kutaja majina hadi 12. Hakuna jimbo la kulilea wala ngome ya ukoo inayotosha yenyewe. Mgombea anahitaji tu kuwa miongoni mwa majina ambayo watu wanayakumbuka wakiwa mbele ya karatasi ya kura.

Mfumo wa namna hii huwapa nafasi waigizaji, watangazaji, wanamichezo na maofisa wa usalama waliotamba kwenye habari za jioni. Mpiga kura anaweza kuchagua wachumi wanne, wanasheria watatu, na bado akabaki na nafasi ya askari mmoja wa kusimamia mambo ya uhalifu. Halazimiki kumpenda kuliko wote, wala kukubaliana naye katika bei ya mchele. Mgombea anayependwa sana na theluthi moja ya wananchi, na kuchukiwa na theluthi nyingine, anaweza kuingia Seneti bila wasiwasi.

Urais ni hesabu nyingine. Kila mpiga kura ana chaguo moja, hakuna duru ya pili, na anayeongoza anashinda hata kama hakufika nusu ya kura. Hapo mgombea anahitaji magavana na mameya wa kumtembezea kampeni, fedha nyingi na lugha yake ya nyumbani katika mkoa wenye watu wengi.

Majalada yanayohama na mwenyewe

Ofisa wa polisi anapoingia siasa hubeba majalada ambayo mwanasiasa wa kawaida hana. Kwa Lacson lililo zito zaidi ni la tarehe 18 Mei 1995. Siku hiyo watu 11 waliodaiwa kuwa wa genge la Kuratong Baleleng waliuawa kwenye barabara ya Commonwealth, Quezon City. Polisi walisema yalikuwa mapambano ya risasi. Mashahidi waliotoka ndani ya polisi wenyewe walisema watu hao walikuwa wamekwisha kukamatwa. Lacson, aliyekana kosa lolote, alishtakiwa pamoja na maofisa wengine.

Safari ya kesi hiyo inafundisha. Kwanza ilibishaniwa mahakama ipi ina mamlaka ya kuisikiliza, mpaka Januari 1999 Mahakama ya Juu ilipoipeleka mahakama ya Quezon City. Miezi michache baadaye ikafutwa, na mwaka huo haujaisha Lacson akapewa ukuu wa polisi. Serikali ya Arroyo ilipoifufua, ukazuka ubishi kama muda wa kuifufua ulikuwa umepita. Aprili 2003 Mahakama ya Juu iliruhusu iendelee. Mwishoni mwa mwaka huo jaji akaifuta tena kwa kukosa msingi wa kutosha. Na Novemba 2012 Mahakama ya Juu ikakubaliana na uamuzi huo. Katika miaka 17 hapakuwahi kufanyika usikilizaji kamili wa kueleza nini hasa kilitokea barabarani siku ile. Kisheria Lacson yuko huru, lakini kisiasa kila upande umebaki na imani yake.

Jalada la pili ni la mauaji ya Salvador Dacer, mshauri maarufu wa habari na mahusiano, aliyetekwa pamoja na dereva wake Novemba 2000. Maofisa wa kikosi kazi alichokiongoza Lacson walihusishwa. Januari 2010, mashtaka dhidi yake yakiwa yanaandaliwa, seneta huyo aliondoka nchini, na hati ya kukamatwa ikatolewa baada ya hapo. Mwanzoni mwa 2011 Mahakama ya Rufaa ilifuta mashtaka hayo, ikisema ushahidi wa shahidi mkuu hauaminiki, na Machi akarudi kwenye kiti chake. Kwa zaidi ya mwaka, mtunga sheria aliyejijenga kwa kusaka watoro alikuwa mtoro.

Wafuasi wake wanakumbusha kwamba kesi zote mbili zilipamba moto wakati wa Arroyo, rais aliyekuwa akimshambulia. Agosti 2003 Lacson alisimama Seneti akadai kwamba mume wa rais alificha fedha katika akaunti za jina la Jose Pidal. Mume huyo alikana, na shemeji wa rais akajitokeza kusema jina hilo ni lake. Kwa hiyo hoja ya kisasi haikosi mashiko. Hata hivyo mauaji ya 1995 na kesi yake ya kwanza yalitangulia uadui huo kwa miaka.

Mpelelezi kwenye kiti cha seneta

Ndani ya Seneti, Lacson aliendelea kuwa mpelelezi. Kamati za bunge hilo zina uwezo wa kuwaita mashahidi na kudai nyaraka, na kwa mtu wa kazi yake hapo palikuwa nyumbani. Alijulikana kwa kuipekua bajeti ya taifa kifungu kwa kifungu. Alikataa kutumia mgao wa fedha za miradi ambao kila seneta alipewa, miaka mingi kabla Mahakama ya Juu haijautangaza kuwa kinyume cha Katiba Novemba 2013. Baada ya meya Rolando Espinosa kuuawa kwa risasi akiwa mahabusu mkoani Leyte, Novemba 2016, uchunguzi wa Seneti alioushiriki akiwa mwenyekiti wa kamati ya usalama wa raia ulifikia hitimisho kwamba mauaji hayo yalipangwa. Polisi walikuwa wamedai meya alirushiana nao risasi, maelezo yaliyofanana na yale ya 1995.

Upande wa sheria, mkono wake ulionekana zaidi kwenye mambo ya dola kumjua na kumdhibiti raia. Alikuwa miongoni mwa waasisi wa sheria ya kitambulisho cha taifa ya 2018 na ya Sheria ya Kupambana na Ugaidi iliyotiwa saini Julai 2020. Sheria hii ya pili inaruhusu mtuhumiwa kushikiliwa bila hati ya mahakama kwa siku 14, zinazoweza kuongezwa siku 10. Wanasheria, waandishi na makundi ya kiraia walifungua mashauri 37 kuipinga. Desemba 2021 Mahakama ya Juu ilibakiza sehemu kubwa ya sheria na kufuta vipengele viwili tu. Mtu anayeuliza polisi wa zamani atatunga sheria za namna gani anapata jibu lake hapa: atatazama tatizo kwa jicho la anayekamata, na kazi ya kulitazama kwa jicho la anayekamatwa itaachiwa wengine.

Nje ya Seneti alipewa jukumu moja kubwa. Kimbunga Haiyan, ambacho Wafilipino hukiita Yolanda, kilipiga Novemba 2013 na kuua watu zaidi ya 6,000. Rais Benigno Aquino III alimteua Lacson kuratibu ujenzi mpya, akaondoka Februari 2015. Ofisi yake iliweza kupanga na kufuatilia, lakini fedha zilibaki mikononi mwa wizara. Mkuu wa polisi hutoa amri ikatekelezwa, ilhali mratibu asiye na bajeti hana budi kubembeleza mawaziri.

Urais uliokataa

Mwaka 2004 Lacson alipata karibu asilimia 11 ya kura, nafasi ya tatu nyuma ya Arroyo na mwigizaji Fernando Poe Jr. Chama chake kilikuwa kimegawanyika, upande mmoja ukimfuata yeye na mwingine Poe, na mazungumzo ya kuunganisha upinzani yakashindikana. Arroyo alimzidi Poe kwa pointi kati ya tatu na nne za asilimia, hivyo kura za Lacson ziliweza kugeuza matokeo lau zingehamia upande mmoja.

Mwaka 2022 hali ilikuwa mbaya zaidi. Akiwa na Vicente Sotto kama mgombea mwenza, alijinadi kama mtu wa uzoefu na uadilifu. Mwezi Machi uongozi wa chama chake cha Reporma ulimhama na kumuunga mkono mgombea mwingine wa urais, Leni Robredo, naye Lacson akamaliza kampeni kama mgombea huru. Alipata kura zisizofika 900,000, chini ya asilimia mbili, huku Ferdinand Marcos Jr. akipata zaidi ya milioni 31. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2025, zaidi ya watu milioni 15 walimchagua tena seneta, na Septemba akawa naibu wa rais wa Seneti. Ni mgombea yuleyule, na rekodi yake ni ileile. Kilichobadilika ni idadi ya majina ambayo mpiga kura anaruhusiwa kuyataja.

Waliopita njia hiyo

Matokeo ya maofisa wengine yanaelekea upande huohuo. Alfredo Lim, aliyewahi kuongoza polisi wa Manila na kisha idara ya taifa ya upelelezi, alipata umeya wa jiji hilo mwaka 1992 na useneta mwaka 2004, lakini alipogombea urais mwaka 1998 alishika nafasi ya tano, chini ya asilimia tisa. Ronald dela Rosa aliongoza polisi kuanzia Julai 2016 hadi Aprili 2018 na kutekeleza vita vya Rais Rodrigo Duterte dhidi ya dawa za kulevya, ambavyo kwa hesabu za serikali yenyewe viliua watu zaidi ya 6,000 katika operesheni za polisi. Mwaka 2019 alipata kura milioni 19 na kiti cha useneta. Machi 2025 Duterte alikamatwa na kupelekwa The Hague kwa tuhuma za uhalifu dhidi ya binadamu. Miezi miwili baadaye Dela Rosa alichaguliwa tena, nafasi ya tatu kitaifa.

Umaarufu pekee, hata hivyo, hauna dhamana. Guillermo Eleazar, mkuu wa polisi aliyestaafu Novemba 2021 akiwa na sifa nzuri, aligombea useneta mwaka 2022 na kushindwa. Hakuwa na rais aliyempigia debe, na chama chake kilikuwa kilekile kilichosambaratika mikononi mwa Lacson. Lacson na Dela Rosa wote walikuwa na mlezi wa kisiasa aliyewapandisha vyeo kwanza, kisha akawaachia wapiga kura wake.

Aliyefika ikulu ni mmoja, Fidel Ramos, mkuu wa Constabulary katika miaka yote ya sheria ya kijeshi. Lakini Ramos hakuruka kutoka polisi hadi urais. Alimwasi Marcos Februari 1986, akawa mnadhimu mkuu wa majeshi, kisha waziri wa ulinzi aliyemlinda Rais Corazon Aquino dhidi ya majaribio ya mapinduzi, na akapata baraka zake. Pamoja na hayo yote, mwaka 1992 alishinda kwa chini ya asilimia 24, katika kinyang'anyiro cha wagombea saba.

Mipaka ya sheria

Katiba ya Ufilipino inawakataza watumishi wa umma walioko kazini kufanya siasa za vyama, na sheria ya uchaguzi inamhesabu mwenye sare kuwa amejiuzulu pale tu anapowasilisha fomu ya kugombea. Hakuna kipindi cha kusubiri kati ya kambi na jukwaa. Aliyeshindwa katika uchaguzi ndiye anayezuiwa kuteuliwa katika ofisi ya serikali kwa mwaka mmoja. Ofisa anayetoka kuamuru polisi wa nchi nzima hazuiwi kuomba kura mwezi unaofuata. Pengo hilo linamfanya mkuu wa polisi mwenye tamaa ya siasa aweze kuendesha kampeni akiwa bado na sare, kwa operesheni na mikutano ya waandishi wa habari inayolipiwa na umma.

Kuziba pengo hilo kwa kipindi cha kusubiri hakutoshi peke yake. Kesi zinazowahusu maofisa zinahitaji kusikilizwa na kuamuliwa wakiwa bado askari, kwa ushahidi na kwa wakati. Pale mahakama zinapochukua miaka 17 kubishania taratibu, kazi ya kutoa hukumu huangukia sanduku la kura, na sanduku la kura hupima umaarufu. Lacson amekuwa seneta mwenye bidii kuliko wengi wa wenzake, na huo ni ukweli unaostahili kuandikwa. Ukweli mwingine ni kwamba wapiga kura waliomrudisha Seneti mara nne walifanya hivyo bila kupata kamwe maelezo ya mahakama kuhusu vifo vya watu 11.